Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mfuko wa Jimbo: tuliomba kivuko, mkatuletea saruji

17 Februari 2025

Kwa:
Mheshimiwa Mbunge, Mwenyekiti wa Kamati ya Mfuko wa Jimbo;
Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu.

Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, mbao za matangazo za mitaa yote ya kata yetu.

YAH: MAOMBI YA RUZUKU YA SHILINGI 4,030,000 KWA AJILI YA KIVUKO CHA WAENDA KWA MIGUU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mheshimiwa Mbunge, Ndugu Mkurugenzi, tunawasalimu kwa heshima na tunawapa pole ya majukumu.

Hii ni barua yetu ya sita. Tano zilizotangulia zilipita njia inayotakiwa. Ziligongwa muhuri wa Serikali ya Mtaa, zikapita kwa Mtendaji wa Kata, zikapokelewa masijala, na nakala zake tunazo zikiwa na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Ndiyo maana hii ya sita hatukuipeleka masijala. Tumeiweka hadharani ili isomwe na yeyote, nanyi mkiwemo.

Tuanze na eneo lenyewe, kwa kuwa hatuna hakika kama yupo mjumbe wa Kamati aliyewahi kufika. Mtaa wetu umekatwa vipande viwili na korongo. Juu kuna shule ya msingi, zahanati na kituo cha daladala. Chini tupo sisi, kaya 212. Wakati wa kiangazi unavuka kwa kurukia mawe huku umeshika viatu mkononi. Masika ikichanganya, korongo linajaa ndani ya nusu saa, na mtoto aliyevuka asubuhi kwenda shule hana pa kurudia hadi maji yapungue. Njia ya kuzunguka inapitia barabara kubwa, dakika arobaini na zaidi kwa miguu, na bodaboda anataka 1,500 kwenda tu. Mwenye mgonjwa usiku hajadiliani bei.

Tarehe 18 Juni 2023, siku ya Jumapili, tulifanya mkutano wa hadhara wa mtaa na tukakubaliana kujenga kivuko wenyewe. Hakuna aliyetutuma. Fundi wetu, ambaye ni mkazi mwenzetu, alichora. Mtaalamu wa ujenzi wa kata akaja, akapima, akarekebisha mchoro na kutuandikia makisio: shilingi 6,800,000. Kila kaya ikapangiwa 10,000. Wapo waliotoa papo hapo, wapo waliotoa elfu mbili mbili kwa simu, wapo ambao hawakutoa kabisa na tunaonana nao kila siku. Hadi mwisho wa Agosti zilipatikana 1,870,000. Nguvukazi, yaani kuchimba misingi, kusomba mchanga na kubeba mawe, mtaalamu aliithamini kwa 900,000. Kilichobaki ni 4,030,000. Hizo ndizo tulizoomba kwenye Mfuko wa Jimbo, kwa barua ya tarehe 11 Septemba 2023.

Jina kamili la mfuko huo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Neno hilo, kuchochea, ndilo lililotupa moyo. Anayechochea hawashi moto, anaukuta unawaka akasogeza kuni. Sisi tulishawasha. Tuliamini mfuko huu ulitungiwa watu kama sisi hasa, waliokwisha kujichangisha wakapungukiwa kidogo. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mlango wa kuombea haujulikani uko wapi.

Siku ya kwanza tuliambiwa fomu hakuna, tuandike barua tu. Barua ilipofika miezi miwili tukaulizwa mbona hatukuambatanisha andiko la mradi. Tukaandika andiko, kurasa tisa. Tukaambiwa sasa tuwe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Tukajisajili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye kwa haki yake tunamshukuru, alitusaidia vizuri. Tulipopeleka cheti, mtu mwingine kwenye meza nyingine akatwambia kikundi hakiruhusiwi kuomba, anayeomba ni Serikali ya Mtaa. Tulikuwa tumeshaanza na Serikali ya Mtaa, Septemba.

Hakuna mahali popote, si kwenye ubao wa kata, si kwenye ubao wa halmashauri, palipoandikwa nani anaweza kuomba, mwisho wa kupokea maombi ni lini, kiasi cha juu ni shilingi ngapi, wala Kamati inakaa lini. Tunajua mwenyekiti ni Mbunge na katibu ni Afisa Mipango. Tunajua pia kwamba mgao unaokuja jimboni huangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Serikali Kuu inagawa kwa vigezo. Vikishafika jimboni, vigezo hivyo vinafuatwa na nani?

2. Muda.

Kuanzia siku tuliyoomba hadi siku lori lilipofika ni miezi tisa na siku kumi na tano. Katikati zilipita mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, ikapita na masika ya 2024. Mvua za Novemba zilibomoa kingo za misingi miwili tuliyokwisha kuchimba kwa mikono. Tukachimba tena. Za Aprili zikajaza matope ule wa upande wa juu, na safari hii waliojitokeza kuchimba walikuwa saba. Mara ya kwanza tulikuwa zaidi ya sitini.

Hapa ndipo tunaomba mtuelewe vizuri, maana hatudhani kwamba jambo hili linaonekana kutoka ofisini. Fedha ikichelewa, mradi unachelewa, hilo kila mtu analijua. Kisichoonekana ni kwamba mchango nao unaoza. Mhazini wetu ni mama anayeuza maandazi pale kwenye mteremko, na kila aliyechanga anapita mbele yake asubuhi. Mwanzo walikuwa wanamuuliza, "Mama, tumefikia wapi?" Baadaye swali likawa, "Mama, zile hela zipo kweli?" Jirani mmoja, muuza samaki, aliyechanga elfu tano mara mbili, siku hizi anamtania mbele za watu: "Shoga, hela zetu bado hazijazaa tu?" Watu wanacheka, na mhazini anacheka nao, kisha usiku anapiga simu kwa katibu kuuliza kama kuna ubaya akirudisha fedha za watu. Fedha zipo zote benki, salio tunalibandika kila mwezi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Lakini mtaa huu ukiitishwa mchango mwingine kesho, hata wa kununua taa ya mtaani, hautatoa. Tunawaambia haya kwa sababu sisi ndio tutakaotumwa kuuitisha.

3. Tuliomba kitu kimoja, tukaletewa kingine.

Lori lilifika Jumatano tarehe 26 Juni 2024, saa tisa alasiri, siku nne kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Hatukuwa tumeambiwa. Katibu alipigiwa simu saa saba: "Mpo? Tunakuja kukabidhi." Mtu wa kamera alikuwepo. Bango lilikuwepo, limechapwa vizuri, lina picha na maneno ya pongezi. Kwenye lori kulikuwa na mifuko 60 ya saruji. Basi.

Hapakuwa na nondo, kokoto, mbao za kufungia zege, mabomba ya kingo wala hata kilo ya misumari. Kwenye makisio yetu saruji ni kitu cha nne. Cha kwanza ni nondo, na mchanganuo huo mlikuwa nao kwa nakala tatu. Kwa bei tuliyokuwa tunanunulia wakati ule, mifuko 60 ni kama shilingi 960,000, chini ya robo ya tulichoomba. Tuliuliza kwa upole kama vingine viko njiani. Jibu lilikuwa, "Anzeni na hiki, vingine vinafuata." Tukasaini hati ya kupokea. Kwa hilo tunajilaumu wenyewe. Tungeandika pembeni ya sahihi zetu kwamba tulichopokea sicho tulichoomba.

Bila nondo huanzi kumwaga zege la kivuko, mafundi wote wanalijua hilo. Tukaihifadhi saruji kwenye stoo ya shule. Stoo hiyo sakafu yake ni ya udongo na bati lake lina matundu. Tulitandika mbao chakavu na nailoni, ndicho tulichokuwa nacho. Tarehe 15 Julai tukaandika barua ya tatu kuulizia nondo na kokoto. Agosti tukaandika ya nne.

Mwishoni mwa Septemba fundi wetu alikwenda kuikagua. Katibu alikuwa naye. Kipimo chake hakina mashine: anabonyeza mfuko kwa kidole gumba. Wa kwanza ulibonyea. Wa pili haukubonyea. Wa tatu aliugonga kwa mpini wa nyundo, ukalia kama tofali la kuchoma. Akaendelea mmoja mmoja, mizima anaisogeza kushoto, iliyokufa kulia, bila kusema neno, hadi kushoto ikawa 19 na kulia 41. Kisha akakaa juu ya ile 41 akajifuta jasho.

Ile 19 hatukuitumia kwa siri. Mwalimu Mkuu aliiomba kwa sakafu ya vyoo vya wanafunzi, kikao kikaridhia, muhtasari tunao. Ile 41 vijana waliibeba mabegani hadi korongoni mvua za vuli zilipoanza, wakaipanga kwenye matope mstari mmoja ili watu wakanyage. Karatasi imeshabanduka, lakini mikunjo ya mfuko imebaki imejichora kwenye jiwe, hata mshono wa juu unaonekana. Watoto wanauita "kivuko cha Mbunge". Mheshimiwa, tusamehe, tumejaribu kuwakataza.

Bango lipo zima. Limezibia banda la kuku la jirani yetu na halivuji.

4. Kuomba fedha kunakula fedha.

Mhazini ana kaunta buku ambalo huandika kila kitu. Tumenakili ukurasa wa gharama za kuomba ruzuku, nje ya mradi wenyewe: nauli za kwenda na kurudi halmashauri safari kumi na moja za watu wawili, 62,000; kuchapa na fotokopi, 31,500; kufungulia akaunti, 20,000; picha ndogo za watia saini watatu, 9,000; soda ya aliyetafuta faili, 5,000. Jumla 127,500. Mstari wa soda tumeunakili kama alivyouandika mwenyewe.

Fedha hizo zilitoka mifukoni mwa wajumbe, si kwenye michango. Wakati ule zingetosha nondo tano za milimita 12. Pia hazihesabu siku za kazi: anayeuza maandazi akiwa amekaa kwenye benchi la masijala hadi saa sita, maandazi ya siku hiyo hayauziki. Utaratibu unaomfaa mkandarasi mwenye ofisi na gari mmemtwisha mtu anayeomba milioni nne.

5. Hata "hapana" ni jibu.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inawapa siku thelathini za kumjibu mwananchi anayeomba taarifa. Barua yetu ya nne iliomba taarifa tu: mwaka wa fedha 2023/24 jimbo lilipokea kiasi gani, na miradi ipi ilipewa. Leo ni mwezi wa sita tangu tuiandike.

Sasa, kabla hamjajibu, turuhusuni tujibu yale tuliyokwisha kuyasikia kwenye korido.

Tumeambiwa fedha ni ndogo na mitaa ni mingi. Ni kweli, na hatukuomba mtaa wetu uwe wa kwanza. Lakini fedha ikiwa ndogo, ndiyo sababu zaidi ya kutoinyunyiza. Mifuko 60 huku, mabati 30 kule, madawati kumi pengine, kila mtaa umepata kitu na hakuna uliomaliza kitu. Nchi hii tumeshaona matokeo ya mtindo huo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulipotaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi wamejenga maboma, wakafika kwenye lenta, wakangoja bati. Pita mkoa wowote utayaona, miti imeota ndani ya vyumba vya sindano. Afadhali mtaa mmoja umalize kivuko mwaka huu, mwingine umalize choo mwakani, na orodha ya nani anafuata ibandikwe ukutani ili anayengoja ajue anangoja nini.

Tumeambiwa vivuko na barabara za mitaa ni kazi ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hatubishi, na hatuna ugomvi nao. Lakini TARURA tangu ianzishwe mwaka 2017 ina mtandao wa barabara wa kushughulikia, na kijia cha miguu kinachoshuka bondeni kati ya banda la kuku na ukuta wa mtu hakimo kwenye orodha ya barabara ya yeyote. Ndiyo maana tuliamua kujenga wenyewe. Kama tatizo lilikuwa hilo, mngelisema Septemba 2023. Mbona mlileta saruji?

Tumeambiwa tusubiri mradi mkubwa, maana awamu ya pili ya DMDP, mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam, inakuja na mitaro na madaraja ya kisasa. Uje, tutaupokea kwa ngoma. Awamu ya kwanza ilijenga barabara nzuri na tunazipita. Ila mradi wa namna hiyo una upembuzi, usanifu, fidia na zabuni. Na mtoto wa darasa la kwanza aliyepo leo atakuwa amemaliza la saba. Kivuko cha milioni saba kinaweza kubomolewa siku daraja likija. Hatutalia.

Tumeambiwa pia, na hili lilisemwa kwa sauti ya chini, kwamba wananchi hawaaminiki na fedha. Mfano uliotolewa ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha madudu, vikiwemo vikundi hewa, na kurejeshwa mwaka jana kwa utaratibu mpya. Mfano huo tunaukubali, ila tunausoma tofauti na ninyi. Kikundi hewa hakiwezi kuishi mtaani, kwa kuwa mtaani watu wanajuana kwa majina na kwa madeni. Kikundi hewa kinaishi kwenye faili. Laiti orodha za wakopaji zingebandikwa kwenye ubao wa mtaa kabla ya malipo, watu wangecheka siku ileile. Na kivuko hakifichiki. Ama kipo unakipita, ama hakipo umelowa.

La mwisho ni la utaratibu wa manunuzi: kwamba siku hizi kila kitu kinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya Serikali kwa mtandao, na fedha haiwezi kupewa mtaa mkononi. Hatuombi mkononi. Lakini madarasa na zahanati nchi hii yamejengwa kwa mafundi wa mitaani wakisimamiwa na kamati za wananchi, mnayaita ninyi wenyewe "force account", na mkafika kuyazindua. Kinachowezekana kwa darasa kinashindikana vipi kwa kivuko cha mita kumi na nne?

Na tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 kuna jipya: tumeambiwa kwa kuwa Mwenyekiti wa Mtaa amebadilika, maombi yaanze upya. Mwenyekiti amebadilika ndiyo. Korongo ni lilelile.

Wapo waliosema mwaka ule wa 2009, sheria ilipokuwa ikijadiliwa, kwamba Mbunge asipewe kugawa fedha ambazo kazi yake ni kuhoji zimegawiwaje. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu Septemba 2024 ilitamka kwamba mfuko wao wa namna hiyo uko kinyume cha Katiba na ukome ifikapo 30 Juni 2026. Sisi hatujafika huko. Hatusemi mfuko ufutwe, tunautaka sana. Tunasema tu kwamba mfuko usiotangaza unampa nguvu mwenye hoja ya kuufuta, na mwaka huu ni wa Uchaguzi Mkuu, ambapo kila mfuko wa saruji unaoshushwa mtaani utatafsiriwa.

Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na mfumo ulioboreshwa wa kupanga maendeleo, uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao maafisa wenu walikuja kutufundisha hapa hapa chini ya mwembe kwa chati na kalamu za rangi, unasema halmashauri itambue jitihada ambazo jamii imezianzisha na iziunge mkono. Tulipiga makofi siku ile. Tunachoomba hakizidi yaliyokuwa kwenye zile chati.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Ifikapo 31 Machi 2025, ibandikwe kwenye ubao wa kila mtaa taarifa ya Mfuko wa Jimbo kwa miaka miwili ya fedha iliyopita: kilichopokelewa, walioomba, waliopewa, kiasi na kitu gani.

(b) Katika mpango wa mwaka wa fedha 2025/26, ambao baraza la madiwani linaupitia kipindi hiki hiki, Kamati itenge sehemu maalumu kwa miradi midogo ya mitaa isiyozidi shilingi milioni tano ambayo wananchi wameshaichangia. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane ofisi ya kata, na irudishwe hapo hapo.

(c) Kila ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Likikataliwa, sababu iandikwe.

(d) Fedha ilipwe kwenye akaunti ya mtaa kwa awamu mbili, ya pili baada ya mtaalamu wa kata kukagua ya kwanza. Ikibidi kuletwa vifaa, viletwe vilivyoorodheshwa kwenye makisio, kwa mpangilio wa ujenzi, na mtaa uarifiwe wiki mbili kabla. Saruji iwe ya mwisho kufika. Na tafadhali, isiwe wiki ya mwisho ya Juni.

(e) Gharama ya bango ijulikane na iandikwe kwenye taarifa ya mradi.

(f) Kuhusu kivuko chetu: makisio mapya, kwa bei za mwezi huu, mtaalamu wa kata ameyamaliza wiki iliyopita. Yamefika 7,450,000. Sisi bado tuna 1,870,000 benki, na nguvukazi tutaitafuta upya kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba, aibu tutaibeba wenyewe. Tunaomba Kamati iseme kama inachangia, kiasi gani, na lini. Ikishindikana tuambiwe, tumrudishie kila mtu chake. Mhazini ameshaandaa orodha, na majina yamepangwa kwa nyumba.

Jumamosi tarehe 1 Machi, saa mbili asubuhi, tutakuwa korongoni tukizibua msingi wa upande wa juu kabla masika haijaanza. Tunawaalika nyote wawili. Haihitajiki kamera wala viti vya plastiki. Mje na viatu ambavyo hamtajali vikilowa, na mshuke kwa upande wa banda la kuku. Mfuko wa tatu kutoka ukingoni unacheza, msiukanyage katikati.

Wenu katika ujenzi wa kivuko,

Katibu,
Kamati ya Ujenzi wa Kivuko,
kwa niaba ya wajumbe tisa na kaya 212